Maji Yaliyomzamisha Simba

Mwaka 1985 timu ya Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano, ikarudia 1986, na tena 1998. Kwa lugha ya kurasa za michezo, hapo ndipo Majimaji humzamisha Simba.

Sasa na tumfikirie mtaalamu wa mwaka 2305, aliyeokota kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga sokoni Songea. Ataandika kitabu kizima: mto Ruvuma ulifurika, simba akafa maji, na serikali, badala ya kupeleka msaada wa mahindi, ikayatunuku mafuriko kombe. Mwenzake atampinga: maji hayo ni dawa ya Kinjikitile, vita havikwisha 1907, vilihamia uwanjani, watu kumi na mmoja kila upande.

Huyu wa pili amekosea, lakini ameikaribia kweli. Mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, pamoja na makumi ya wenzake. Je, ni utovu wa adabu jina la vita hivyo kupigiwa vigelegele uwanjani? Hasha. Mtoto anayelipiga ukelele jukwaani hulihifadhi ulimini.

La kuogopwa ni neno lisilomchekesha mtu. Katika habari za watawala, uasi "ulizimwa", kana kwamba ni moto. Kumbe moto uliwashwa na wazimaji wenyewe, wakateketeza mashamba na maghala, njaa ikaua kuliko risasi. Neno hilo halikungoja mwaka 2305 lieleweke visivyo. Rais wa Ujerumani alifika Songea kuomba radhi Novemba 2023.