Kamba Hukatwa Lini?



Ndugu zetu Waislamu, leo twawaletea kisa cha watu wawili wasiokuwa wa dini yetu, nacho kina mazingatio kwa kila mwenye akili.

Mwaka 1985 Waingereza wawili, Joe Simpson na Simon Yates, walipanda mlima Siula Grande, nchi ya Peru, wenye kimo cha mita 6,344. Walifika kileleni, na katika kushuka Simpson akaanguka akavunjika mguu. Mahali kama pale, aliyevunjika mguu huhisabiwa maiti. Lakini Yates hakumwacha. Aliunga kamba mbili zikawa kama mita 90, akachimba kikalio katika theluji, akamteremsha mwenziwe. Kisha humfuata, akachimba tena. Wakaenda hivyo mpaka usiku ukaingia na dhoruba ikawashukia. Hapo Simpson akapita ukingo wa genge wasiouona, akawa aning'inia hewani. Yates hamwoni wala hamsikii. Uzito wote u juu yake, na theluji aliyoikalia yamomonyoka. Baada ya kuvumilia sana, akatoa kisu akaikata kamba.

Simpson akatumbukia katika ufa wa barafu, asife. Mwenziwe akayakinisha kuwa amekufa, akashuka. Naye akatoka ufani, akatambaa kwa siku kama tatu bila ya chakula, akafika kambini saa chache kabla wenziwe hawajaondoka.

Wengi walimlaumu Yates. Ni nani aliyemtetea? Ni yule yule aliyekatiwa kamba!

Huenda mtu akauliza: Je, yafaa kumwua mwenzio ili uokoke? Twajibu: Haifai. Wanazuoni wetu wamesema hata wenye chombo kinachozama hawana ruhusa kumtosa mmoja wao ili wapone wengine. Lakini huyu hakumtosa mwenziwe; alimshika mpaka uwezo ukamwishia, na kama asingalikata wangaliangamia wote wawili. Na Mola wetu hamdai mja lile asiloliweza.

Sasa na tujitazame sisi. Udhuru wa Yates ni kikalio kilichokuwa kikimomonyoka. Wetu ni upi? Mtu humkata nduguye wa tumbo moja kwa ajili ya shamba la minazi. Mwingine humwacha shangazi yake mjane akilala na njaa, akasema, "Sina uwezo," naye ameketi barazani kwake juu ya sakafu isiyotikisika. Hawa ndio wakatao kamba pasi na dharura, na hao hao ndio wepesi wa kuwahukumu wengine.

Basi, ndugu yetu, kabla hujalitamka neno dharura, jiulize: Umemteremsha mwenzio mara ngapi? Je, uliochoka ni mkono, au ni moyo?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuunga jamaa, wala asitujaalie kuwa wenye kukata. Amin.