Haiba ya Kiongozi na Uhuru wa Kumwacha

Haiba ya kiongozi ni nguvu inayowafanya watu wamsikilize na kumfuata hata kabla hajatoa amri. Kuhusu chimbuko lake, wapo wanaoiona kuwa kipaji cha kuzaliwa nacho, na wapo wanaosema ni kivuli cha cheo, kinachotoweka siku mtu anapovuliwa cheo. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, aliliona jambo hilo kwa namna nyingine: haiba huishi kwa muda ule tu ambao wafuasi wanaendelea kuitambua. Usukumani, ambako mkoa wa Simiyu na makao yake makuu Bariadi ni upande wa mashariki, suala hilo limekuwa likipimwa uwanjani vizazi na vizazi.

Uwanja wenyewe ni wa ngoma. Baada ya mavuno, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana. Jadi inawataja Ngika na Gumha, mahasimu wawili waliosifika kwa dawa zao, kuwa waasisi wa pande hizo, na kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, hujulikana yuko upande upi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kimoja huku na kingine kule, na watazamaji huenda wanakotaka. Anayekusanya umati mkubwa ndiye mshindi. Manju anaweza kuwa na sauti nzuri, mavazi ya kupendeza na jina lililovuma hadi Mwanza, lakini watu wakivuka kwenda ng'ambo ya pili, hakuna cha kumwokoa. Kwa hiyo manju mahiri hauachi umati machoni hata dakika moja. Anajua wakati wa kubadili wimbo, wakati wa kuleta kituko kipya, na wakati wa yeye mwenyewe kukaa pembeni ili wachezaji wake waonekane.

Utawala wa jadi nao ulikuwa na mlango wa kutokea, ingawa mwembamba zaidi. Mtemi, yaani chifu, hakujitwalia kiti. Alitoka katika ukoo wa kitemi, kwa desturi akiwa mtoto wa dada wa mtemi aliyetangulia, na waliomteua walikuwa banang'oma, wazee wa baraza. Ustawi wa nchi ulihesabiwa mikononi mwake: mvua zikikosekana, lawama zilimwelekea yeye, na angeweza kuondolewa. Isitoshe, ardhi ilikuwa tele. Kaya iliyochoshwa na mtemi mkali ilifunga mizigo, ikaswaga ng'ombe wake na kwenda kuomba makazi kwa mtemi mwingine, ambaye aliipokea vizuri kwa kuwa utajiri wa utemi ulikuwa watu. Katika ngazi ya kijiji, vijana walijichagulia msumba ntale, aliyeongoza kazi zao za pamoja za kulima na kuvuna.

Ukoloni wa Kiingereza uliufunga mlango huo. Kwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, mtemi alifanywa mtumishi wa serikali, mwenye mshahara, wajibu wa kukusanya kodi na mahakama yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa maendeleo ya Usukuma ulimtwisha kazi ya kusimamia amri za kupunguza mifugo na kuhifadhi udongo, amri ambazo wafugaji walizichukia. Kuhama hakukusaidia tena, maana mtemi wa jirani alikuwa na amri zilezile. Kwa nje mtemi alionekana mkubwa kuliko babu zake, kwani sasa alikuwa na ofisi, karani na askari. Kwa ndani alikuwa amepungua, na serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utemi mwaka 1963, wachache walijitokeza kuutetea.

Hata hivyo umati nao hudanganyika. Jadi ya ngoma inalijua hilo vizuri, kwani mamanju wamekuwa wakitafuta samba, dawa ya mvuto, ili watu wavutwe bila kujua wanavutwa na nini. Wingi wa wafuasi peke yake, basi, hauthibitishi kwamba kiongozi anastahili kufuatwa. Kinachokosekana kinaonekana katika historia ya pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwa miaka mingi kwamba wanunuzi huwapunja kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha katika vyama vyao, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa kifupi kama VFCU. Msingi wa heshima ya viongozi hao ulikuwa uzito uliosomwa kama ulivyo. Karani wa mizani hahitaji sauti tamu wala kimo. Dini nazo zinalipa jambo hili uzito wa pekee: Mithali inaihesabu mizani ya hila kuwa chukizo kwa Mungu, na katika Kurani sura nzima, ya 83, imepewa jina la wanaopunja vipimo.

Kazini ndiko suala hili linakokuwa gumu zaidi, kwa sababu mwalimu wa Itilima au muuguzi wa Meatu hawezi kuvuka uwanja. Likizo yake, uhamisho wake na kupandishwa kwake daraja vinapita mezani kwa mkuu wake. Kikao kinaponyamaza mkuu anapoingia, ukimya huo unaweza kuwa heshima au woga, na yeye ndiye wa mwisho kujua ni upi. Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 uliigusa hatari hii katika kifungu cha 15, kilichokataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwadharau anaowaongoza. Miaka iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa walikitumia kifungu hicho kuwakataa mameneja wao, na katika baadhi ya viwanda wakawafungia nje.

Mafunzo ya uongozi husisitiza namna ya kusimama, kuvaa na kutoa sauti. Hayo yana nafasi yake, lakini ni ndogo. Mkuu mgeni Bariadi hupata zaidi kwa kusimama asubuhi na kuitikia mwangaluka ya mlinzi, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hadi mwisho wake, kwa kuwapa waliofanya kazi sifa yao kamili kwenye taarifa inayokwenda mkoani, na kwa kumwacha aliye chini yake ampinge kikaoni bila kulipizwa baadaye. Matokeo huonekana katika njia inayopitwa na habari mbaya. Pale ambapo watumishi hawana hofu, karani wa ghala anayegundua upungufu wa magunia humweleza mkuu wake jioni ileile. Penye hofu, mkuu huyo huusikia upungufu kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkaguzi.