Je, Tumsusie Mwenye Duka Aliyetishwa?

Katika miaka ya 2007 na kuendelea, Shinyanga na Geita zilitajwa kwa jambo la aibu. Watu wenye ualbino waliuawa, kwa kuwa waganga waliwadanganya watafutaji dhahabu kwamba viungo vyao huleta utajiri. Watoto wengi wakahifadhiwa Buhangija, Shinyanga.

Tuseme mwenye duka alimwajiri kijana mwenye ualbino, akatishwa, akamwachisha kazi. Je, tulisusie duka lake?

Ammar bin Yasir aliteswa Makka hata akatamka ukafiri, na moyoni alibaki Muislamu. Aya ya 106 ya Sura An-Nahl ikampa udhuru. Lakini wanazuoni wamesema kulazimishwa hakuhalalishi kumwua mwingine. Basi aliyefunga mlango kwa hofu ana udhuru, ingawa kijana amebaki na njaa. Aliyewaonyesha wauaji nyumba yake hana.

Tena tujiulize: alipotishwa, nani kati yetu alisimama naye? Tukimsusia, tumemwongezea adui wa pili. Twende tukanunue kwake, tumwambie: mrudishe kijana, nasi tu pamoja nawe. Wa kususiwa ni mganga na wanaomwendea.