Mlango Uliofungwa na Fungu la Jirani

Somo: Kutoka 12:1-28, Luka 17:11-19, Yohana 20:19-23



 Kila tunapokaribia Pasaka, sisi tuliokuwa hapa katika makazi ya Nakivale tunakumbuka Pasaka ya tarehe 12 Aprili 2020. Siku ile hapakuwa na ngoma wala kwaya, na hapakuwa na mtu aliyeketi kwenye mabenchi ya kanisa. Kila familia ilikuwa nyumbani kwake, mlango umerudishwa.

Tunaona ni vema kuzungumza juu ya majuma yale ya kwanza ya korona. Watoto waliokuwa wadogo wakati ule sasa ni vijana. Tena ndugu wengi wamefika baadaye, kama wale waliovuka mpaka wa Bunagana mwaka 2022, na hawajui tulipitaje hapa. Biblia inatufundisha kuwaeleza watoto wetu mambo ambayo Mungu alituvusha, ili nao wakipatwa wajue la kufanya.

MAJUMA YALE YA KWANZA

Sisi wakimbizi tunajua kukimbia. Bunduki zikilia, mama anabeba mtoto mgongoni, baba anachukua godoro na sufuria, safari inaanza. Miguu ndiyo iliyotuokoa. Lakini ugonjwa huu ulitaka kinyume chake. Ulisema: kaa pale ulipo. Kwa watu kama sisi, hilo lilikuwa somo gumu sana.

Angalieni jinsi mambo yalivyofuatana. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 17 Machi safari za kuwapeleka wakimbizi katika nchi za tatu zilisimamishwa. Zilianza tena mwezi wa Juni, lakini mwezi wa tatu nani alijua? Wako watu waliokuwa wamekwisha kuuza kitanda, viti na kuku, wakingoja siku ya ndege tu. Walirudi kulala chini katika nyumba ambayo walikuwa wamekwisha kuiaga.

Tarehe 18 Machi Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa ibada za pamoja, makanisa na misikiti, kwa siku 32 za kwanza. Siku tatu baadaye mgonjwa wa kwanza wa Uganda alipatikana, msafiri aliyefika Entebbe kutoka Dubai. Tarehe 25 Machi magari ya abiria na bodaboda za abiria zilisimama, na kupokea wakimbizi wapya kukasimamishwa. Mwisho wa mwezi magari ya watu binafsi nayo yakakatazwa, na ikawa marufuku kutembea kuanzia saa moja jioni. Halafu mwezi wa Aprili mgao wetu wa chakula ukapunguzwa kwa asilimia 30, kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha za kutosha.

Kwa hiyo katika muda wa majuma machache mtu alipoteza kanisa, shule, kibarua katika mashamba ya migomba ya wenyeji, na sehemu ya unga wake. Ndugu zangu, tulijifunza nini?

JAMBO LA KWANZA: KUFUNGA MLANGO SI KUKOSA IMANI

Tangazo la kufunga makanisa lilipokuja, watu wetu waligawanyika. Wako waliosema kwamba mtu wa Mungu hawezi kuogopa virusi, na kwamba anayekataa kushikana mikono na ndugu yake amekana damu ya Yesu. Wako waliosema ugonjwa huu ni wa Wazungu na matajiri wanaopanda ndege, hautafika kwa watu wa nyumba za udongo. Wengine walijifukiza kwa majani ya mikaratusi wakaona imetosha. Mvuke unaweza kufungua pua, lakini hauui virusi vilivyo ndani ya mwili.

Hebu tusome Kutoka sura ya 12. Usiku ule wa Misri Waisraeli walipewa maagizo mawili. La kwanza, wapake damu ya mwana-kondoo kwenye miimo na kizingiti cha mlango. La pili, liko katika mstari wa 22, mtu yeyote asitoke mlangoni mwa nyumba yake mpaka asubuhi. Watu wengi wanahubiri agizo la kwanza na kulisahau la pili. Damu ilikuwa mlangoni, na watu walikuwa ndani. Hatusomi kwamba kuna mzee aliyesema: damu imekwisha kupakwa, basi sasa twende tukatembee barabarani tuonyeshe imani yetu. Imani ilipaka damu, na imani hiyo hiyo ikakaa ndani.

Mama aliyeosha mikono ya watoto wake kabla ya kula alikuwa anaomba kwa mikono. Baba aliyefunga kidumu cha lita tano juu ya kijiti, akaweka kamba ya kukanyagia kwa mguu na kipande cha sabuni pembeni, alikuwa anapaka miimo ya mlango wake. Tusidharau sabuni. Virusi vya korona vimefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta, na sabuni inaivunja ngozi hiyo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Maji peke yake hayaoshi sufuria yenye mafuta, kila mama anajua.

JAMBO LA PILI: TULIKAA MBALI ILI KUMLINDA MWENZETU

Ndugu zetu waliotoka Beni, Butembo na Mangina walikuwa na elimu ambayo wengine hatukuwa nayo. Kwao Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Ndugu hao walikuwa wamezoea ndoo za maji yenye dawa na kupimwa joto kila kizuizi. Walijua uchungu wa kutomwosha marehemu wao. Korona ilipokuja, wao ndio waliowaonyesha majirani namna ya kusalimiana kwa kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Sisi wengine bado tulitaka kugusanisha vichwa mara tatu kama tulivyolelewa.

Lakini hata wao walikuwa na jambo jipya la kujifunza. Mwenye Ebola huambukiza akiwa amekwisha kuugua, tena kwa damu na majimaji ya mwili. Mtu wa korona anaweza kuambukiza kabla hajajua kwamba anaumwa. Anaongea, anaimba, anakohoa kidogo, na pumzi yake inabeba virusi, hasa ndani ya chumba kisicho na dirisha wazi. Ndiyo sababu hata kwaya, ambayo ni furaha yetu, ilibidi inyamaze.

Hapa pana fundisho kubwa la upendo. Watu wengi walichukizwa wakati jirani aliposogea mbali kwenye foleni ya maji. Waliona kama ameambiwa: wewe mchafu. Dereva wa lori na mtu aliyerudi kutoka mjini walitazamwa kama adui. Hayo hayakuwa ya Mungu. Kama mtu asiyeonyesha dalili yoyote anaweza kuwa na virusi, basi hatukai mbali kwa sababu mwenzetu ni hatari. Pengine sisi ndio tuliobeba. Tunasogea ili tusimwue mama yake mzee. Tunafunika mdomo kwa barakoa ya kitenge iliyoshonwa na fundi wa mtaani, si kwa kumdharau mtu, bali kwa kumheshimu.

Katika Luka 17 wagonjwa kumi wa ukoma walisimama mbali, wakapaza sauti zao. Yesu hakuwakemea kwa kusimama mbali. Hakungoja wamguse ndipo asikie. Neno lake lilivuka ule umbali, nao wakatakasika walipokuwa njiani. Basi na sisi tuliosimama mbali na wafiwa wetu mwaka 2020, tukaimba kimoyomoyo nyuma ya ua huku wachache wakizika, tujue kwamba Bwana alitusikia. Walioshindwa kukaa kilio pamoja na ndugu zao, na mpaka leo mioyo inawauma, tunawaambia kwamba hawakuwatupa wafu wao.

JAMBO LA TATU: FUNGU LA JIRANI

Sasa tufike kwenye mstari ambao tunaomba kila nyumba iukumbuke. Ni Kutoka 12:4. Kabla Mungu hajasema habari za damu wala za mlango, alisema habari za jirani. Kama watu wa nyumba ni wachache kiasi cha kutoweza kummaliza mwana-kondoo, basi wale pamoja na jirani aliye karibu, kwa kuhesabu watu. Mungu alihesabu midomo. Hakutaka nyumba moja ibaki na nyama nyingi na nyumba ya pili ilale na njaa usiku ule wa kifo.

Wapendwa, mwezi wa Aprili 2020 mstari huu ulisomwa hapa kwa matendo. Mgao umepungua, soko la nguo limefungwa, kibarua hakuna. Nyumba yenye watu wanane ilikuwa inapika mara moja kwa siku. Ndipo tukaona mama mjane anaweka unga kikombe kimoja katika mfuko, anautundika kwenye ua wa jirani, anaita kwa sauti, anarudi nyuma hatua kadhaa, na jirani anatoka kuchukua. Tukaona kijana anamchotea maji mzee asiyeweza foleni, anaacha kidumu nje na kubisha mlango. Tukaona wenyeji wanaoacha ndizi kando ya njia kwa ajili ya watu waliokuwa wakiwalimia. Mlango ulifungwa, lakini fungu la jirani lilitoka.

Yapo pia ya aibu. Wako waliopandisha bei ya sabuni na chumvi siku ile ile ya tangazo. Wako waliomficha mgonjwa ndani kwa kuogopa kutengwa, na wako waliomtenga kweli. Mlango unaofungwa bila kumkumbuka jirani si mlango wa Pasaka. Ni mlango wa yule tajiri aliyemwacha Lazaro nje.

JAMBO LA NNE: YESU ANAINGIA PENYE MILANGO ILIYOFUNGWA

Jioni ya ufufuo wanafunzi walikuwa wamejifungia kwa hofu. Yohana anatuambia kwamba Yesu alikuja akasimama katikati yao, akawapa amani. Hakungoja wafungue. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Akina baba ambao hawajawahi kuomba mbele ya watoto wao walifungua Biblia. Akina mama waligawa zamu: leo mtoto wa kwanza asome zaburi, kesho wa pili. Makanisa yalipofunguliwa mwezi wa Septemba 2020, kwa watu wasiozidi 70, familia nyingi zilikuwa tayari zina madhabahu nyumbani.

Hata hivyo tusiseme kwamba gharama ilikuwa ndogo. Shule za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Wako wavulana waliokwenda kwenye vibarua wasirudi darasani, na wasichana waliopata mimba wakiwa bado watoto. Baadhi yao ni wazazi katika kanisa letu leo. Tusiwaite waliopotea. Tuwasaidie kusoma na kujifunza kazi, maana mlango ule ulifungwa juu yao bila wao kuuliza.

NA LEO JE?

Magonjwa hayajaisha. Ebola ilitangazwa Uganda tena mwezi wa Septemba 2022, na tena mwezi wa Januari 2025. Mpox ilitangazwa kuwa dharura ya kimataifa mwezi wa Agosti 2024. Kila ugonjwa una njia yake ya kuambukiza, kwa hiyo tusidhani tunajua yote kwa sababu tulipita kwenye korona. Likija jingine, tunawaomba ndugu wote:

1. Sikilizeni kwanza wahudumu wa afya na redio, kabla ya maneno ya foleni ya maji. Ulizeni: unaambukizaje? Jibu la swali hilo ndilo litakalotuonyesha cha kubadilisha nyumbani.

2. Kila nyumba iwe na kidumu cha kunawia na sabuni, hata kipande kidogo, tangu sasa.

3. Kila kikundi cha maombi cha mtaa kijue nyumba za wazee, wajane, wagonjwa na watoto wanaoishi peke yao. Gawaneni majina mapema, ili siku ya kufungiwa kila mmoja awe na mtu wa kumbishia mlango.

4. Mgonjwa asifichwe, wala asitukanwe. Apelekwe kituo cha afya, na watu wa nyumba yake waletewe chakula.

5. Baba, mama, fundisheni watoto kuomba nyumbani wakati kanisa likiwa wazi. Mkianza siku ya hofu mtakuwa mmechelewa.

Pasaka hii, mtakapoketi kula, hata kama ni ugali na sombe tu, hesabuni watu wa nyumba yenu. Kisha hesabuni na wa nyumba ya pili.

Tuombe: Bwana Mungu wetu, wewe uliyetuvusha mpaka na ukatuvusha ugonjwa, ulinde nyumba zetu za udongo. Utupe mikono safi na moyo wa kumkumbuka jirani. Wafariji waliozika bila kilio. Uwafungulie njia vijana walioachwa nyuma na shule. Utupe amani yako nyuma ya kila mlango, katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki nyote.