Anayeomba na Anayedai

Watu wawili wanaweza kupokea fedha sawa katika dirisha moja la ofisi ya serikali, mmoja akawa amepewa haki yake na mwingine amefanyiwa hisani. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ngoja siku fedha zikosekane: aliyefanyiwa hisani atarudi nyumbani akinung'unika, mwenye haki atauliza sababu, na ofisi italazimika kumjibu.

Ujerumani ilihitaji hukumu ili kuikubali tofauti hiyo. Sheria ya zamani iliitaka ofisi imsaidie fukara kwa ajili ya utulivu wa umma. Fukara mwenyewe alikuwa kama mti wa kandokando ya barabara, unaomwagiwa maji ili mji upendeze. Na mti hauendi mahakamani. Tarehe 24 Juni 1954, Mahakama ya Utawala ya Shirikisho iliisoma upya sheria hiyo kwa mwanga wa Katiba ya 1949, ambayo ibara yake ya kwanza inautangaza utu wa binadamu kuwa haugusiki. Majaji wakasema: pale sheria inapoibebesha ofisi wajibu kwa faida ya mhitaji, mhitaji ana haki ya kuudai. Katiba ilikuwa na miaka mitano tayari, na ilishatamka wazi kwamba haki za msingi zinazibana Bunge, serikali na mahakama. Hata hivyo alihitajika mtu maskini wa kuishtaki ofisi.

Kinachonivutia zaidi nchini humo ni barua ya kukataliwa. Chini yake huwa pameelezwa mahali pa kupeleka pingamizi na muda wake, kwa kawaida mwezi mmoja. Ofisi ikisahau kuyaandika hayo, muda wa mwananchi hurefuka hadi mwaka. Ikikaa kimya miezi mitatu bila sababu ya kutosha, mara nyingi anaweza kwenda mahakamani kuushtaki ukimya wenyewe. Huku kwetu tunaijua "njoo kesho". Ubaya wake haupo kwenye kuchelewa tu. Aliyeambiwa njoo kesho hajakataliwa, kwa hiyo hana cha kukatia rufaa. Ananyimwa hata nafasi ya kushindwa. Kumkatalia mtu kwa maandishi, pamoja na sababu, ni kumheshimu.

Husemwa kwamba shirikisho hulinda uhuru kwa kuyagawa madaraka. Nakubali nusu. Sheria nyingi za shirikisho la Ujerumani hutekelezwa na ofisi za majimbo yake 16 na za miji, kwa hiyo hakuna mkubwa mmoja anayeshika kila mlango. Lakini madaraka yaliyogawanywa yana pembe nyingi za kujifichia, na "hilo si letu, nenda kule" ni jibu linalosikika katika kila lugha. Kinachoziunganisha pembe hizo ni kwamba haki za msingi zinaibana ofisi ndogo kabisa ya kijijini sawasawa na wizara, na malalamiko yanaweza kufika hadi Mahakama ya Katiba, mjini Karlsruhe.

Mwaka 2012 mahakama hiyo ilisema kwamba posho ya waomba hifadhi, ambayo haikupandishwa tangu 1993, ilikuwa ndogo mno kwa utu wa binadamu. Walioshinda hawakuwa raia. Enzi za ukoloni mababu zetu nao hawakuwa raia, lakini wao waliijua ofisi ya Kijerumani kwa kodi ya kibanda na kiboko, na sidhani kama kuna aliyewaonyesha pa kupeleka pingamizi.

Si lazima nchi iwe shirikisho ili kufika huko. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi, msomaji, ukinyimwa dirishani usiondoke na maneno ya mdomo. Idai barua.