Kicheko cha Kuazima, Hasira ya Kuazima

Je, anayewacheka wafuasi wa dini huwa ameicheka dini yenyewe? Suala hili la kale lilizuka upya nchini Uingereza mwaka 1979, ilipotoka filamu ya vichekesho iitwayo Life of Brian, iliyotungwa na kuigizwa na kundi la Monty Python chini ya uongozaji wa mmoja wao, Terry Jones.

Kisa ni cha kijana Brian, aliyezaliwa siku moja na Yesu, katika zizi la jirani. Hana ujumbe, hana muujiza, wala hataki wafuasi. Lakini umati unamganda na kumfanya masihi kwa nguvu. Kiatu chake kinapomvuka mguuni, wao wanakiona kuwa ni ishara, na papo hapo wanagawanyika juu ya maana yake. Yesu mwenyewe anaonekana kwa kitambo tu mwanzoni, akihutubu mlimani, wala hafanyiwi dhihaka. Wanaochekwa ni wale walio nyuma kabisa: hawasikii vyema, wanapokea maneno yaliyopotoka, kisha wanagombana.

Filamu hiyo nusura isizaliwe. Kampuni ya EMI iliahidi fedha kisha ikajitoa, na George Harrison, aliyekuwa mwanamuziki wa Beatles, akaubeba mzigo huo. Ilipotoka, Ireland na Norway ziliipiga marufuku, na Ireland haikuifungulia mlango hadi mwaka 1987. Katika Uingereza yenyewe, halmashauri kadhaa ziliizuia, nyingine zikiwa hazina hata ukumbi mmoja wa senema katika eneo lao. Nchini Sweden, matangazo yaliwaita watu kwa kuwaambia kuwa filamu hii inachekesha mno hata Norway wameikataza. Hivyo wapo waliokasirika kabla ya kuona, na wapo waliokuja tayari kucheka kwa sababu jirani amekasirika.

Novemba 1979, John Cleese na Michael Palin walikabiliana katika televisheni ya BBC na mwandishi Malcolm Muggeridge pamoja na Mervyn Stockwood, Askofu wa Southwark. Ilisimuliwa baadaye kwamba wazee hao wawili walichelewa kufika filamu ilipoonyeshwa, wakaukosa mwanzo. Ikiwa ndivyo, walikosa kile kipande cha mlimani kinachomtenga Yesu na Brian, nao wakawa mfano wa wale walio nyuma ya umati.

Hata hivyo, haifai kuwabeza walioumia. Filamu inamalizika kwa watu waliotundikwa msalabani wakiimba wimbo wa furaha, na kwa Mkristo msalaba si pambo la jukwaani. Wasomaji wa pwani, ambao wengi wao hawalitaji jina la Nabii Isa bila ya kumtakia amani, hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hilo. Mapenzi ya kweli huwa na mahali panapouma, na anayelia akiguswa hapo hana deni la kumwomba mtu radhi.

Lakini kuumia ni jambo moja, na kuhukumu ni jingine. Katika kipande kimoja Brian anatokea dirishani na kuusihi umati usimfuate yeye wala mwingine yeyote, kwani kila mtu ana nafsi yake. Umati unaitikia kwa sauti moja kwamba ndivyo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nao wanaikariri hekima hiyo kama kasuku. Ukumbi mzima huangua kicheko hapo, nao pia kwa sauti moja.

Hapo mtihani unawageukia watazamaji. Anayecheka kwa kuwa safu nzima inacheka hana ubora kuliko anayeshika bango mlangoni kwa kuwa ameambiwa ashike. Wote wawili wameazima. Aliyeudhika anadaiwa kuona kwanza, tena tangu mwanzo, ndipo ahukumu. Aliyecheka anadaiwa kujiuliza amemcheka nani, na kumtupia jicho aliyekaa kando yake akiwa kimya. Madeni hayo hayalipwi na halmashauri wala na tangazo. Kila mtu huyalipa peke yake, taa za ukumbini zinapowashwa.