Kura Ni Amana

Je, ni halali mtu mwema kupita katika mlango uliojengwa na dhuluma? Swali hilo liliwakabili wananchi wa Tanganyika mwaka 1958.

Serikali ya Kiingereza ilipoandaa uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, iliweka masharti mazito. Mpiga kura sharti awe na elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Tena sharti achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, akimwacha mmoja, kura yake yaharibika.

Januari mwaka ule wajumbe wa TANU walikutana Tabora, na wengi walitaka kuususia uchaguzi. Mwalimu Nyerere akawasihi waingie, nao wakakubali. Zuberi Mtemvu akajitenga, akaunda chama chake. Dhamiri ya mtu anayekataa kuugusa uovu yastahili heshima. Walakini twaona walioingia walitenda sawa. Kumchagua Mwasia au Mzungu mwadilifu si kosa. Kosa lilikuwa la sheria iliyopima watu kwa rangi. Hawakuisifu sheria hiyo. Waliingia ili waiondoe. Na katika uchaguzi wa 1960, viti 50 kati ya 71 viliachwa wazi kwa mtu wa rangi yoyote.

Lakini lipo jambo la pili, nalo husahauliwa. Nyanda za Juu za Kusini zilipiga kura Septemba 1958. Mkulima wa Idodi, mwenye jembe lake tu, asiye na darasa la nane wala pauni 150, hakuwa na kura, hata kama wazee wenzake walimtegemea kuamua mashauri kwa haki. Basi mwanawe aliyesoma, alipoishika karatasi ile, alishika pia haki ya baba yake na mama yake. Kura yake ilikuwa amana.

Leo sheria humpa kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Je, deni limekwisha? Hasha. Watoto wetu hawana kura, nao ndio watakaoirithi ardhi hii na maji ya Ruaha, yawe mengi au yamekauka. Kwa hiyo mzazi anayeiuza kura yake kwa kitenge au kilo ya sukari auza mali isiyo yake peke yake. Na anayekaa nyumbani kwa uvivu awanyamazisha wasioweza kujisemea.